Kompyuta ya Marehemu Baba na Moshi wa Ubani

Mimi nna kinyaa, wala sioni haya kukisema. Nywele moja kwenye sahani hunikatia hamu ya chakula kutwa nzima. Sasa mfikirieni mtu kama mimi kapiga magoti sebuleni kwetu Ansab, kaifungua tumbo kompyuta kongwe ya marehemu baba, na kilichomo ndani kinanata.

Ugonjwa wake ulianza kidogo kidogo. Ukibonyeza kitufe, feni inazunguka, inaguna, kisha kimya. Siku nyengine inawaka vizuri, kama haijapata kumkosea mtu. Siku nyengine inalia tii tii tii na kioo cheusi vilevile. Nikabadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikaipiga kibao cha ubavuni. Wapi!

Ningekuwa na khiari ningeitupa zamani. Lakini humo ndani mlikuwa na sauti ya baba. Kabla hajafariki alijirikodi mwenyewe kwa maikrofoni, akisimulia ujana wake Unguja na jinsi alivyomposa mama. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mama huiwasha akakaa kumsikiliza. Nilipotaka kuinakili sauti ile kwenye simu alinikatalia katakata. "Mie sitaki," alisema. "Ukishaitia kwenye simu, kesho iko kwenye magrupu ya ukoo inazunguka mpaka Nizwa, kila mtu anaitilia maneno yake." Basi ikabaki humo tu, pahala pamoja. Na Ijumaa zikawa zinapita, mama kakaa mbele ya kioo cheusi, na chakula anakidonoa tu.

Nikaipeleka sokoni Ruwi kwa fundi. Alifungua kifuniko, akachungulia, akakirudisha, kisha akaisukuma kompyuta upande wangu kwa ncha ya kidole. Akaniambia kwa Kiarabu cha sokoni kwamba humo hatii mkono wake. Nikitaka sana atanitolea diski, iliyobaki nikaitupe. Nikampigia mama simu kumuuliza.

"Hakitolewi kitu," akasema. "Huyo si mbuzi atolewe maini. Irudishe kama ulivyoichukua."

Ndiyo nikapiga magoti. Vumbi la humo halikuwa vumbi tena, lilikuwa ulimbo mweusi ulioganda kwenye mapanga ya feni. Nywele zimo. Bawa la mende limo, na mende mwenyewe kakauka miguu juu, na mayai yake yamebandikwa pembeni. Nikagusa, kidole kikanata. Kwa upuuzi wangu nikakinusa. Lahaula, uchafu ule ulikuwa unanukia. Nikakifuta kidole mbio kwa kitambaa, maana mende namjua, lakini uchafu wenye harufu nzuri sikupata kuuona. Ulikuwa ubani, na udi juu yake, na mafuta ya kukaangia yaliyopita njia kutoka jikoni.

Nikamgeukia mama pale kwenye kochi. "Mama, hii kompyuta unaifukiza?"

"Naifukiza, ee. Kila Ijumaa kabla sijamsikiliza."

"Chetezo cha ubani unakiweka wapi?"

"Hapo chini ya meza, panapoingia hewa." Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua kitu. "Kanzu zake nlizifukiza umri mzima. Leo nimsikilize hivi hivi, ananuka vumbi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Mashine inavuta hewa kwa feni ili ipoe, na mama akaivutisha moshi wa ubani wiki baada ya wiki, kwa mapenzi, mpaka ikakabwa roho. Nilikuwa nimechafuka mikono na roho pia, nikamwambia bila ya kupunguza kwamba ubani wake ndio ulioiua. Alivuta mtandio akajiziba mdomo, na macho yake yakabaki kwenye kile kioo.

Nikavaa glavu za kuoshea vyombo. Nikachukua spiriti, pamba na mswaki mkuukuu, nikasugua panga moja moja huku nimezuia pumzi. Mayai ya mende niliyakwangua kwa kisu ambacho hakitarudi jikoni kwangu. Vibao vidogo vya kumbukumbu nikavichomoa, meno yake yalikuwa meusi, nikayafuta kwa raba ya penseli mpaka yakang'aa. Kila nilichochomoa mama alikitazama mpaka nikakirudisha.

Nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka na haikuguna. Nikaizima nikaiwasha tena, ikawaka tena. Mama akasogeza kiti, na sauti ya baba ikatoka, nzito, na kikohozi chake kilekile kilichokuwa kikiniudhi mezani.

Baba alipofika kwenye posa akakatiza hadithi na kumwita mama: "Njoo na wewe useme, mie nusu nimeshasahau."

Kwa mbali, kutoka jikoni, mama wa siku zile akajibu: "Nna kazi. Ntasema siku nyengine."

Baba alicheka kidogo, akaendelea peke yake. Mimi nilikuwa sijapata kufika hapo. Mama alikuwa akifika hapo kila Ijumaa.

Akanyoosha mkono akaisimamisha sauti. Akatengeneza mtandio wake kichwani kama mtu anayengoja mgeni.

"Ilete ile maikrofoni," akaniambia. "Kazi zimeshakwisha."