Tuliandika Wanne

Mdogo wangu anakaa mbali na Sydney, mbali haswa. Ukitoka kwangu Rooty Hill alfajiri na gari, unaendesha mpaka makalio yanasahau ni ya nani, unapita kondoo wengi kuliko binadamu wote niliowahi kusalimia, ndipo unafika kwenye kijiji chenye barabara moja, baa moja na kiwanda cha nyama. Kiwanda ndicho kilichompeleka. Yeye na wenzake, wote watu wetu tuliokuwa nao kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wanachinja kondoo kutwa nzima.

Netiweki hakuna. Mimi najulikana kwa kuongeza chumvi, hata mchungaji wangu akinisikiliza anagawanya kwa tatu, lakini hapa siongezi kitu. Ndani ya nyumba yao simu ni tochi tu. Akitaka kupiga, anaendesha mpaka kwenye kilima nyuma ya tenki la maji, anapanda juu ya boneti ya gari, anainua mkono kama mwanafunzi anaomba ruhusa ya kutoka. Hapo inashikaga, upepo ukikubali.

Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapanda pale kuongea na mama. Mama alibaki kambini na dada yetu. Sisi tulipata ndege, yeye alipata ahadi ya kupata ndege. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, sauti imepungua, na alichotaka ni kimoja, kumsikia kitindamimba wake mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Mimi alinisikia kila siku mpaka akachoka. Aliniambia, "Wewe nimekusikia tangu ukiwa tumboni, nyamaza kidogo, nipe yule."

Siku moja mdogo wangu akaja Sydney kwenye harusi, Quakers Hill. Akalala kwangu. Asubuhi akatoa bahasha kwenye koti.

"Yaya, serikali imeniandikia."

Kwetu kaka mkubwa ndiyo yaya, msije mkadhani nilikuwa nalea watoto wa watu. Sasa mimi shule niliiona kwa dirisha, kwa hiyo barua akapewa mama watoto, ambaye anatunza wazee na Kiingereza chake kimenyooka. Akasoma, akatuelezea. Serikali ya jimbo inataka kupeleka intaneti ya kasi vijijini, na hela inatoka serikali kuu, Canberra. Watajenga minara. Wataanza na sehemu ambazo watu ni wengi na hawana kitu. Kwa hiyo wanauliza, nyumba hii inakaa watu wangapi?

"Tuko kumi na mmoja," mdogo wangu akasema. Akashika kalamu.

Nilimnyang'anya ile kalamu kwa kasi ya paka.

"Mkataba wa nyumba unasema wangapi?"

"Wanne."

"Basi mko wanne! Ukiandika kumi na mmoja, kesho wakala anakuja na polisi, na mbwa, na helikopta. Mtalala kwa hao kondoo."

Mama watoto akaweka kikombe chini. "Baba watoto, hii ni fomu ya intaneti. Wakala wa nyumba haisomi."

"Serikali ni moja, mama. Huyu anaandika, yule anachungulia."

"Wewe ndiye unajua kuliko karatasi yenyewe?"

"Nimehesabiwa na serikali nyingi kuliko wewe."

Na kweli, katika habari ya kuhesabiwa mimi ni profesa. Kambini posho ilitoka kwa idadi ya watu, kwa hiyo siku ya uhakiki tuliazimana watoto. Kuna mtoto mmoja wa jirani alikuwa ndugu wa familia sita kabla ya saa nne asubuhi. Babu yangu aliendelea kupokea unga miaka mitatu baada ya sisi kumzika, na wala hakulalamika kwamba maharage hayaivi. Kambini unaongeza. Nilipofika Australia nikajifunza ukiomba nyumba unapunguza. Basi nikajitungia sheria yangu, kule ongeza, huku punguza, nikawafundisha wote waliokuja nyuma yangu. Watu walinishukuru, walinikaribisha chai.

Mdogo wangu akaandika wanne. Akarudi kijijini, akawaambia na nyumba zingine za watu wetu kwamba yaya kasema. Kila nyumba ikaandika wanne, moja yenye waoga zaidi ikaandika wawili. Mtaa mzima ukapungua kama umepitiwa na kipindupindu.

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi. Alipiga picha barua, akaituma kutoka kilimani. Nilikuwa nimetoka shifti Westmead, nafanya usafi hospitali, nikamsubiri mama watoto arudi. Akaisoma akiwa bado na begi begani. Kijiji chenu hakimo katika awamu ya kwanza, maana idadi ya wakazi haitoshi. Mtafikiriwa awamu nyingine.

Akanirudishia simu. Akaenda kuvua viatu. Afadhali angenitukana, ningekuwa na la kujibu.

Mama alizidiwa. Jumapili moja nikaamua kuwa mnara mimi mwenyewe. Nikachukua simu mbili, moja nikampigia mama, nyingine nikampigia mdogo wangu kule juu ya boneti, nikazilaza uso kwa uso kwenye meza ya jikoni, nikazifunika na taulo zisisikie kelele. Kule kilimani mvua ilikuwa inanyesha.

"Mama," ikasema simu moja. "Mama, mimi... ma..."

"Sema basi, mwanangu," ikasema nyingine.

"...ma... una..."

Ikakatika. Mama akauliza taratibu, "Amenikasirikia?"

Nikaingilia. "Hapana mama, ni netiweki."

"Huko Ulaya mnakosaje netiweki? Hapa kwa wakimbizi tunayo."

Nina majibu ya kila kitu mimi. Safari hii nikafunua taulo, nikazitenganisha zile simu.

Wiki ile ile dada akamrekodi sauti, dakika mbili na kidogo, akanitumia ili nimfikishie mdogo wangu. Nilimtumia. Kule kilimani ikagoma kufunguka, duara linazunguka tu mpaka betri inakufa. Nikasema nitampelekea Jumamosi kwa mkono wangu.

Mama alifariki Jumatano.

Kwetu msiba haupigiwi simu; hata mimi dada alimpitishia mchungaji wangu, akaja kuniambia nyumbani. Unakwenda, unamkuta mtu, anakula kwanza, anakaa na watu pembeni, ndipo unamwambia. Alhamisi asubuhi tuliondoka mimi na mama watoto, yeye amevaa kitenge. Njia nzima niliendesha kwa kasi ile ile iliyoandikwa kwenye vibao. Mama watoto alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mdogo wangu alikuwa uani anaosha mabuti yake meupe ya kiwandani. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, kwamba tumekuja kununua nyama ya bei rahisi, nimpe nafasi ale. Akatutazama, akafunga bomba.

"Yaya, umekuja na shemeji siku ya kazi." Akakaa chini pale kwenye maji. "Ni mama."

Wenzake wakamwingiza ndani, tukakaa wote chini kwenye magodoro. Jioni, watu wakiwa wamelia wametulia, mmoja wao akaenda kwenye friji akatoa karatasi iliyobandikwa na sumaku. Fomu mpya, awamu ya pili.

"Kaka mkubwa, samahani, ni msiba, ila tarehe yake inaisha. Hii tuandike wangapi? Au safari hii tuongeze, tufike thelathini?"

Wote wakanigeukia. Na yeye, mdogo wangu, akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hesabuni mliopo," nikasema.

Wakahesabu kwa sauti, wakigusana vichwa.

"Kumi na mmoja."

"Andikeni hao hao." Nadhani ilikuwa mara ya kwanza namba kupita kinywani mwangu ikatoka kama ilivyoingia. Mama watoto akaandika.

Ndipo nikatoa simu mfukoni, nikampa mdogo wangu. "Mama alikuachia maneno. Haihitaji netiweki, imo humo ndani, bonyeza tu. Tutatoka nje kama unataka."

Akaishika. Akaitazama kama kitu cha moto. Halafu akachukua ufunguo wa gari, akatoka.

"Anakwenda wapi?" mama watoto akauliza.

Tulisimama kwenye ngazi ya nyuma. Jua lilikuwa linazama nyuma ya tenki. Tuliona gari linapanda, linasimama, yeye anapanda juu ya boneti. Sauti ya mama ilikuwa tayari mkononi mwake, lakini alivyobonyeza aliinua mkono juu kabisa, pale pale inaposhikaga, akabaki hivyo mpaka ikaisha. Akashusha mkono. Akauinua tena.