Zuwena Hakushindwa na Breki

Bado akili yangu inakataa. Leo asubuhi nimeshika simu nimwandikie Zuwena, "Ijumaa tunatoka?", ndipo nikakumbuka kwamba juzi amezikwa.

Moyo ulisimama ghafla, nyumbani kwao Sib, hapa Muscat, akiwa anamimina chai. Hakuumwa, hakulalamika. Alhamdulillahi kwa kila hali, lakini jamani!

Kwa msiomjua: Zuwena alikuwa mwenzangu wa ofisini Al Khuwair, meza yake na yangu zinatazamana. Ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli nikiwa mama wa watoto wakubwa. Ananishikilia kiti kwa nyuma huku ananifokea, "Tazama mbele, Raya! Ardhi haikimbii!"

Ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi chetu cha akina mama, na ndiye aliyetushawishi mpaka tukafika Scotland. Ziara ya baiskeli ya siku kadhaa, milima juu, milima chini, gari la mizigo linatufuata nyuma.

Kila siku alifika wa kwanza. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye siku moja, ile ndefu kuliko zote, inayovuka milima mpaka baharini.

Mwaka mzima alijiandaa kwa siku ile. Alikuwa akipanda vilima vya Muscat kabla ya kazi, kisha anaingia kwenye meeting uso umemwiva kama nyanya.

Haya. Sasa niseme lililonileta hapa. Mume wangu ameniambia nisiandike. Naandika.

Siku yake ile jua lilitoka. Wenzangu wanashangilia, Scotland bila mvua! Mimi peke yangu ndimi niliyekuja kuiomba hiyo mvua baadaye.

Tangu tulipokula mchana nilikuwa nimebanwa na mkojo. Pale ni nyika tupu, hakuna kichaka, hakuna ukuta, kondoo tu wanakutazama. Kiongozi wetu mwanamume, dereva mwanamume. Niliona haya kusema tusimame, nikajikaza.

Wenzetu wakatangulia. Zuwena akapunguza mwendo, akaja ubavuni kwangu.

"We una nini? Mbona unapiga pedeli kama unakanyaga mayai?"

"Sina kitu."

Mbele kulikuwa na vyuma vimelazwa barabarani kuzuia mifugo isipite. Baiskeli ilipovipanda ikanitikisa mwili mzima. Mkojo ukatoka pale pale. Suruali yangu ya kijivu, mpaka soksi.

Nikasimama. Hata kulia sikuweza. Mwanamke mzima, na nyuma nasikia gari linapanda kilima.

Zuwena alinitazama mara moja tu. Hakuuliza. Akasema, "Pale chini pana kijito. Twende tukaingie."

"Nini?"

"Twende, Raya, kabla gari halijafika!"

Tukateremka na baiskeli zetu. Akajitupa kwenye maji na viatu vyake, akakaa mpaka yakamfika kifuani. Simu ilikuwa mfukoni, na picha zake zote za safari zilikuwa humo.

"Wallahi maji haya yametoka kwenye friji!" akapiga kelele, akanivuta ndani.

Gari likafika, kiongozi akaja mbio. Zuwena akamwambia breki zimemshinda, akanigonga, tukaangukia mtoni sote wawili.

Kiongozi akazikagua zile breki. Nzima. Akasema kwa upole kwamba sheria yake ni moja: aliyeshindwa kuimudu baiskeli hapandi tena siku hiyo. Zuwena aingie garini.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu.

Nilimwona akiitazama ile barabara inayopanda mlimani. Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili, taratibu: "Ukifungua mdomo tutagombana. Kabadilishe nguo, uende."

Nikabadilisha nguo. Nikaenda.

Nilifika baharini nyuma ya wote, wakanipigia makofi. Zuwena alikuwa amesimama kando ya gari, kajifunika blanketi, anashangilia kuliko wao.

Tuliporudi kazini, kisa kikasambaa, wakamwita Breki. Akichelewa kwenye meeting, "Breki zimegoma?" Ikimpita deadline, "Breki huyo!" Alicheka nao.

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniunguza uso ninapoandika haya.

Jana msibani wakakianza tena kisa kile, kwa mapenzi tu, jinsi Zuwena alivyotumbukia mtoni huko ughaibuni. Mama yake akatabasamu kidogo.

Sikuweza kuvumilia. Nikasogea nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia yote, mbele ya kila mtu.

"Aliporudi alilia hapa hapa," akasema mama. "Analilia siku yake ile iliyompita. Mie nikamwambia, mwanangu, ajali haina kinga."

Akanishika mkono. "Hata mie hakunambia."

Nikamwomba radhi. Yeye akaniuliza, "Maji yalikuwa baridi?"

"Baridi sana, mama."

"Na hawezi baridi huyo! Hata AC alikuwa akinizimia!"

Akacheka. Kicheko kikageuka kilio mdomoni mwake, nasi sote tukalia naye.

Zuwena, shoga yangu. Nimesema, na safari hii huwezi kunigombeza. Laiti ungeweza. Ningekaa kimya nikakusikiliza mpaka uchoke.

Nisamehe kwa ile barabara niliyoipita mimi badala yako. Nisamehe kwa kila kicheko.

Pumzika pema, dada yangu. Mwenyezi Mungu akusitiri huko kama ulivyonisitiri mimi.