Breki za Diski na Leso za Msambweni

Nilizikanyaga leso za wanawake wa Msambweni kwa magurudumu yote manne, bwana harusi akiwa kiti cha nyuma, nikaenda kusimama katikati ya masufuria ya pilau. Namshukuru Mungu sikuua mtu.

Kwetu, gari la bwana harusi likifika, shangazi za bibi harusi hutandaza leso njiani. Dereva husimama, watu hubembelezana, kisha njia hufunguliwa. Nami asubuhi ya siku hiyo nilipowapelekea kuni nilijigamba mbele yao kwamba gari langu kuukuu sasa lina breki za diski mbele, kama magari ya Wazungu wa Diani.

Diski hizo Hamisi Mwatela, fundi wa Ukunda, alizitoa kwenye gari lililopinduka. Tangu tupate Uhuru kila fundi ajiita injinia. Kibano cha kulia, kile kinachoibana diski gari lisimame, alikifunga kushoto na cha kushoto kulia, vitundu vya kutolea hewa vikatazama chini, hewa ikabaki ndani ya mafuta ya breki, na breki yenye hewa haishiki. Nilimwuliza mbona pedeli yazama.

"Kaka, mpya hizo. Zitazoea."

Nilipofika kwenye leso nilikanyaga pedeli mpaka mguu ukagusa sakafu.

"Ametudharau!" shangazi mkubwa akapiga kelele. "Hata kusimama hakutaka!"

"Si dharau, mama. Breki hazikushika."

"Breki zipi? Si hizo ulizotusimulia asubuhi?"

Sasa Msambweni nzima yanitaka nichague: mjeuri au mwongo. Hamisi, toka huko ulikojificha, ukawajibu shangazi wale kwa kinywa chako!