Masale ya Baisikeli

Kaka yangu alivunjika mguu kwenye kona ya chini ya Kilema, akiteremsha mikungu ya ndizi kwa baisikeli kwenda soko la Moshi. Lori lilimbana mpaka mtaroni wala halikusimama. Alipopona alirudi barabarani, maana ndizi hazijui kuteremka zenyewe. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu Kampala, Mwingereza bado anatutawala. Nikajisemea, kama siwezi kumtoa yeye nchini, walau nitayatoa malori upande wa kushoto.

Niliomba chokaa ofisi ya barabara, nikachora mstari pale konani: malori katikati, baisikeli pembeni. Jumapili, watu wakitoka misa, nilipanda juu ya jiwe nikawafundisha wenye baisikeli kushika kushoto na kunyoosha mkono kabla ya kukata kona.

"Nikinyoosha mkono, breki atashika nani?" aliuliza mmoja.

"Mwalimu, kwani wewe baisikeli yako iko wapi?" akadakia mwingine.

Sikuwa nayo. Walicheka mpaka padre akachungulia.

Mvua ya kwanza ikaosha chokaa yote. Hapo ndipo usomi wangu ulipong'aa. Kwetu mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, huwekwa kwa masale, ile mimea ya majani marefu, na hakuna anayethubutu kuivuka ovyo. Nikakata vijiti vya masale, nikavichomeka palipokuwa na mstari wangu. Madereva walikuwa watoto wa hapa hapa. Chokaa waliikanyaga, masale wakayakwepa. Kaka yangu akawa anateremka salama, nami natembea kifua mbele.

Kisha siku moja nikakuta migomba michanga imepandwa ndani ya njia ya baisikeli. Mzee mwenye kihamba cha kando ya barabara alikuwa anaitilia samadi.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Haya masale nani kayapanda?"

"Mimi."

"Na masale huonyesha nini?"

"Mpaka. Lakini haya ni ya baisikeli."

"Baisikeli ina ukoo? Toka shambani kwangu!"

Nilimwita mwizi mbele ya majirani. Akaniita mbwa wa Wazungu. Kaka yangu akarudi katikati ya malori, na kila akinipita alinipigia kelele: "Msomi! Mzee umempa shamba, mimi umenipa lori!"

Mama ndiye aliyenituma nikaombe radhi. Kwetu, aliyekosewa akiletewa isale, yaani tawi moja la masale, hawezi kukataa kusamehe. Nilikata tawi zuri, nikamkuta mzee pale pale konani, nikaomba radhi kwa matusi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshainama, nikaomba na njia ya kaka yangu.

Alilipokea tawi kwa mikono miwili. "Marahaba," alisema, akiitikia salamu niliyompa siku ile ya ugomvi. "Matusi nimesamehe. Njia haikunitukana, sina cha kuisamehe."

Akaligeuza tawi langu, akalichomeka ardhini mbele ya yale mengine, karibu zaidi na katikati ya barabara, akalikanyagia udongo likasimama imara.

Juu ya kona ikasikika kengele ya kaka yangu, na nyuma yake honi ya lori. Nikaruka kushoto, mtaroni, kama nilivyofundisha.