Fimbo Nyepesi

Fundi miavuli wa sokoni Tukuyu haishiwi kazi, maana mvua ya huku haina likizo. Kila akinyoosha kijiti cha mwavuli hukitikisa taratibu kwa vidole viwili, kisha hufuta mikono na kurudi kwenye simu yake, kutazama fimbo za kuvulia samaki na rili za kukunjia mshipi. Mwalimu Tulia, akisubiri mwavuli wake, akamtania: "Haya fundi, tuseme pesa si tatizo. Unachukua ipi?"

Fundi hakucheka. Alizipitia moja moja, akinong'ona uzito wa kila moja kwa gramu. Akafika kwenye ile ya bei kali kuliko zote, nyeusi, rili inang'aa kama pete. Mwalimu akajua hapo amefika. Fundi akatikisa kichwa.

"Nzito hii, mwalimu. Mama yangu siku hizi anavua samaki kwa mkono mmoja."