Mama Nukta na mkato uliotupwa

Saa mbili kasoro asubuhi, kabla wenzake hawajaingia ofisini, Mama Nukta ameshachapisha lebo kumi na nne. Anazisoma moja moja kwa sauti, kidole kikifuata kila tarakimu. "Sifuri mkato tano. Sifuri mkato saba tano." Chai yake imepoa.

Yeye ni mwandishi wa programu. Programu yake huchapisha lebo za dozi kwa wodi za watoto katika nchi sita. Jina la Mama Nukta alibandikwa na wenzake kwa utani. Yeye hacheki sana akilisikia.

"Watu wanadhani namba ni namba popote," anasema. "Kumbe nusu, huku inaandikwa kwa nukta, kule kwa mkato. Kompyuta haijui iko wapi mpaka uiambie."

Miaka miwili iliyopita hakuiambia. Hospitali moja ilihamia kwenye seva mpya, nayo ilikuwa imepangwa kwa nchi za nukta. Muuguzi akaandika 0,5 kama alivyozoea. Programu ikauchukua mkato kuwa ni wa kutenganisha maelfu tu, ikautupa. Lebo ikatoka na 5.

Muuguzi, mwenye miaka thelathini kazini, alipiga simu. Hakufoka.

"Mwanangu, nina kichanga hapa cha kilo tatu. Lebo yako inasema nimpe miligramu tano. Una uhakika?"

"Usimpe, mama. Tafadhali."

"Sijampa. Ningempa nisingekupigia."

Mama Nukta akafungua kompyuta simu ikiwa bado sikioni. Kurekebisha kulichukua dakika ishirini. Kufuatilia lebo 212 zilizotoka tangu hospitali ihamie seva hiyo kulichukua siku tatu za simu. Hakuna mtoto aliyedhurika, lakini yeye alipungua kilo sita.

Mumewe, fundi seremala, anasema hofu ilihamia nyumbani. "Hata kipimajoto cha mtoto anakisoma mara tatu, kisha ananiita nikisome mimi. Namwambia, mke wangu, homa itapoa tukiwa bado tunaisoma."

Leo toleo jipya la programu linaanza kutumika katika hospitali tatu. Namba yenye utata sasa haipiti. Skrini inamuuliza muuguzi kwanza, na dozi inachapishwa kwa tarakimu na kwa maneno.

Saa nne simu inalia. Anaikodolea macho kabla ya kuipokea. Ni wodi ya kwanza: lebo zimetoka sawa. Anashusha pumzi, anaweka tiki, anangoja mbili zilizobaki.

Mwezi ujao amepanga kutumia likizo yake wodini kwa yule muuguzi. Hawajawahi kuonana.

"Nataka nisimame kando yake akifungua kabati la dawa, nione anatazama wapi kwanza," anasema. "Miaka yote hii naandikia macho nisiyoyajua."