Anayelipa Jukwaa Kisogo

Saa kumi na moja jioni, bwalo la chuo bado linanuka sabuni ya kusugulia meza. Waigizaji wanapanda jukwaani, na mwalimu wao anaketi chini, kwenye kigoda, akiwa amewapa mgongo. Anawatazama watazamaji.

Ndiyo kazi yake hiyo. Kwa miaka kumi na tisa mhadhiri huyu amechunguza tamthilia zilizoigizwa Ulaya miaka kama mia nne iliyopita, zama ziitwazo Mwamko, yaani Renaissance, lakini kinachomkosesha usingizi si walioigiza bali walioangalia: walisimama wapi, walicheka nini, nani alimzomea nani. Wanafunzi wamembandika jina la Kisogo, naye analiitikia.

"Watazamaji wa enzi zile hawakuwa watu wa kukaa kimya," anasema. "Walijibizana na jukwaa. Ukiwaondoa hao, mchezo unabaki nusu."

Leo ana roho mkononi. Somo lake limekalia kuti kavu: mwaka huu lina wanafunzi wanane tu, na mkuu wa idara, aliyejibana safu ya nyuma, amekuja kuamua liendelee au lifutwe. Kisogo amefungua milango kwa wapishi, madereva, mafundi na yeyote anayepita, na amewaomba jambo moja tu, kwamba wenye la kusema waliseme.

Safu ya mbele ameketi mama yake, fundi cherehani mstaafu. Sanduku kubwa la mbao lililoko jukwaani ni lake, alilokuwa akihifadhia vitambaa. Kusema kweli, mama huyu hajawahi kuelewa bintiye anafanya kazi gani. Majirani wakimuuliza huwaambia ni mwalimu, kisha anabadilisha mazungumzo.

Mchezo unaanza. Mume bahili anajificha sandukuni ili asikie mkewe anavyomsema. Mke anaingia, anakaa juu ya kifuniko, anafungua kinywa.

"Chunga mdomo wako, binti, yumo humo ndani!" mama anapaza sauti.

"Shii!" Kisogo anamkata jicho.

Bwalo zima linanyamaza. Wapishi wanainamisha vichwa, na dereva aliyekuwa akicheka anajifanya anakohoa. Mke anasema maneno yake, nayo yanaanguka bila wa kuyaokota. Kule nyuma, mkuu wa idara anatazama saa.

Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo ya kutetea watazamaji wenye midomo, na wa kwanza kufungua mdomo amemnyamazisha mwenyewe, tena mama mzazi.

Kisogo anaganda kwa aibu. Kisha anasimama, anawaomba waigizaji wasubiri kidogo, anamwendea mama yake na kumwinamia.

"Nisamehe, mama. Mwambie tena. Mwambie kwa nguvu."

Mama anamtazama juu mpaka chini, kama amtazamavyo mteja aliyerudisha nguo baada ya kuivaa harusini. Halafu anainuka.

"Nimesema yumo sandukuni!"

Bahati nzuri, mwigizaji ana akili ya haraka. Anaugeukia ukumbi. "Humu? Sasa mama, nimfanyeje?"

Bwalo linalipuka. Mpishi mmoja anataka mume afungiwe mpaka kesho. Dereva anamtetea, anazomewa. Kutoka sandukuni inasikika sauti ya bahili akiomba hewa, maneno ambayo hayakuandikwa popote. Kisogo amesharudi kwenye kigoda chake, anacheka huku machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Baadaye mkuu wa idara, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, anasema somo litaendelea. Anaongeza kwamba yeye alikuwa upande wa mke.

"Kumbe kazi yenyewe ni hii?" mama anamuuliza bintiye. "Kuangalia watu? Mwanangu, mimi nimewaangalia dukani maisha yangu yote. Ungeniambia mapema ningekusaidia."

Mwakani Kisogo anapanga kuuhamishia mchezo kwenye ua wa mafundi cherehani, watazamaji wakiwa wamesimama kama zamani. Mama amekubali kuzungumza na wenzake wa kazi, ila ametoa onyo.

"Nikinyamazishwa tena," anasema, "nabeba sanduku langu, na mume wao humo humo ndani."